Rangi Haikai Peke Yake

Hotuba kwa walimu wa sanaa wa shule za msingi na sekondari

Walimu wenzangu, shikamooni mlionitangulia kazini, na ninyi vijana wa vyuo vya ualimu mliokaa nyuma, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya nakshi, mstari na rangi. Ni mambo matatu mapana, na kila moja lingeweza kutumalizia siku. Nimeamua kuyapitisha yote kwa mtu mmoja, mchoraji na mwalimu wa Kijerumani aitwaye Josef Albers. Nimemchagua kwa sababu alifundisha kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu, na miaka mingi kati ya hiyo alifundisha bila vifaa. Sisi hilo la vifaa tunalijua vizuri. Kila tunapokutana ni yale yale: rangi za maji zimekwisha, brashi zimenyonyoka, fungu la sanaa limehamia kwenye chaki na madaftari. Shida hiyo ni ya kweli na sitaipunguza. Ila naomba leo tukubaliane kwamba somo la rangi linaweza kuanza, tena likaenda mbali sana, kabla kopo moja la rangi halijafunguliwa. Kinachofundishwa kwanza ni jicho.

Albers alizaliwa mwaka 1888 huko Bottrop, mji wa wachimba makaa ya mawe magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kazi zote: kupaka nyumba rangi, useremala, mabomba. Kijana alisomea ualimu, akafundisha watoto wadogo, kisha mwaka 1920, akiwa na miaka 32, akajiandikisha upya kama mwanafunzi katika Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu mjini Weimar. Ujerumani ilikuwa imetoka vitani ikiwa hoi. Hela ya turubai na rangi hakuwa nayo. Akachukua nyundo na mfuko wa mgongoni, akaenda jalalani, akaokota chupa na vioo vilivyovunjika, akavipanga na kuviunganisha mpaka vikawa picha za vioo vya rangi. Shule ilipoona kazi hizo ikamkabidhi karakana ya vioo.

Mwaka 1923 alianza kufundisha pale pale, katika kozi ya mwanzo ambayo kila mwanafunzi mgeni alilazimika kuipitia. Mwanafunzi wake mmoja, Hannes Beckmann, aliisimulia siku ya kwanza ya somo, nami nawasimulia kwa maneno yangu. Mwalimu aliingia na mzigo wa magazeti chini ya kwapa, akayagawa. Akawaambia kwamba sisi si matajiri, ni maskini, hatuwezi kupoteza muda wala vifaa. Kwa hiyo tengenezeni kitu kwa gazeti hili, mkiheshimu tabia ya karatasi, na ikiwezekana msitumie mkasi wala gundi. Akatoka. Aliporudi akakuta meza zimejaa ngome, mashua, ndege, vinyago vya wanyama. Akasema vitu hivyo vingependeza zaidi vikitengenezwa kwa mbao au chuma. Kisha akachukua kazi moja ambayo wengine hawakuipa maana: kijana mmoja alikuwa amelikunja gazeti kwa urefu, akalisimamisha mezani. Basi. Mwalimu akaeleza kwamba karatasi iliyolala ni dhaifu, lakini ikikunjwa inasimama juu ya ukingo wake mwembamba. Na gazeti likilala tunaona upande mmoja tu, likisimama tunaziona pande zote mbili.

Naomba mlitafakari hilo, walimu. Hakumsifu mwenye mkono mwepesi. Alimsifu aliyekiangalia kile alichopewa.

Bauhaus ilifungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi. Mkewe Albers, Anni, mfumaji aliyesoma hapo hapo, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na kubaki Ujerumani kulikuwa hatari. Wakapata mwaliko wa kwenda Marekani, katika chuo kidogo kilichokuwa kimefunguliwa tu, Black Mountain College, kwenye milima ya North Carolina. Albers Kiingereza alikuwa hakijui. Wanafunzi walipomuuliza amekuja kufundisha nini, aliokota maneno machache aliyokuwa nayo, akajibu kwamba amekuja kufumbua macho. Alikaa huko hadi 1949, kisha akaongoza idara ya ubunifu katika Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1950 hadi 1958.

Sasa tuingie darasani kwake, kwenye somo la rangi.

Sisi tumezoea kuanza na duara la rangi. Nyekundu, njano, bluu; changanya hizi upate zile; ninyi chorezeni kwenye madaftari yenu, mtihani utatoka humo. Albers alilipeleka duara hilo mwisho kabisa wa kozi. Alianza na karatasi za rangi, na si za kununua: mabaki ya wachapaji na wajalidi vitabu, kurasa za majarida, karatasi za kufungia bidhaa, hata majani ya miti yaliyobadilika rangi wakati wa majira ya kupukutika. Sababu zake zilikuwa za mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa. Rangi ya kuchanganya haitoki sawa mara mbili; mwanafunzi anapoteza saa nzima akitafuta ile kahawia ya jana. Karatasi ukiikata vipande ishirini, vyote ni rangi ile ile kabisa, kwa hiyo unaweza kulinganisha bila kubahatisha. Hakuna brashi za kuosha, na aliyekosea anasogeza kipande tu.

Tazameni hapa ubaoni. Nimebandika karatasi mbili za manila, moja nyeusi, moja nyeupe. Katikati ya kila moja nimeweka kipande cha kijivu, na vyote viwili nimevikata kwenye kadibodi ya boksi moja. Waliokaa nyuma, kipi kimeiva zaidi? Naona vidole vingi vinaelekea kwenye manila nyeupe. Sasa nachukua ukanda mrefu wa kadibodi ile ile, nauunganisha kutoka kipande hiki hadi kile. Mmeona? Ni kijivu kimoja. Na hata sasa mnapojua, jicho bado linawaambia ni viwili.

Huo ulikuwa mchezo wa mwanga na giza. Sasa wa rangi yenyewe. Kipande cha kijani cha majani mabichi, kimoja juu ya njano, kingine juu ya bluu. Juu ya njano, kijani kinaelekea kwenye bluu. Juu ya bluu, kinaelekea kwenye njano. Albers aliwaeleza wanafunzi kwamba rangi ya chini inanyang'anya. Kila rangi inayobeba rangi nyingine juu yake inaitoa humo sehemu inayofanana na yenyewe. Njano inaondoa unjano uliomo ndani ya kijani, bluu inabaki wazi. Ukiielewa kanuni hiyo huna haja ya kukariri jedwali lolote, maana unaweza kutabiri kabla hujabandika, halafu ubandike uone kama ulitabiri sawa.

Zoezi lilikuwa hivi: fanya rangi moja ionekane kama mbili. Mwanafunzi akishamaliza anageuziwa: sasa chukua rangi mbili tofauti uzifanye zionekane kama moja. Hili la pili ni gumu kwelikweli. Mtu anaweza kukaa jioni nzima na rundo la vipande, akibadilisha cha chini, akibadilisha cha juu, na ule muda wote jicho lake linanolewa bila yeye kujua. Hakuna mwalimu anayeweza kumpa jibu mdomoni. Na mwanafunzi hawezi kunakili kwa jirani, kwa sababu vipande vya jirani ni vingine.

Alikuwa na mfano wa nembo ya Coca-Cola ambao nautumia kila mwaka darasani. Ukiwaambia watu hamsini wafikirie rangi nyekundu, alisema, tegemea nyekundu hamsini vichwani mwao, hakuna iliyo sawa na mwenzake. Hata ukiwatajia nyekundu ya nembo ile, ambayo wote wameiona maelfu ya mara, bado kila mmoja ataona ya kwake. Wapeni wanafunzi wenu rundo la vipande vyekundu wachague ipi ndiyo ile ya kwenye kreti za soda. Watabishana mpaka kengele inalia. Kisha leteni kizibo.

Jingine ni la kukodoa. Chora duara jekundu la kukolea kwenye karatasi nyeupe, mwambie mtoto alikazie macho nusu dakika bila kupepesa, halafu aangalie ukuta mweupe. Ataona duara la kijani kinachoelekea bluu, na hakuna aliyelichora. Sehemu za jicho zinazopokea wekundu zimechoka, na zile nyingine zinasikika zaidi kwa muda. Ndiyo kusema kwamba hata tukiwa tumekaa kimya tunaangalia ukuta, jicho lina kazi yake linaifanya. Na chai ya rangi: kwenye kijiko ni ya dhahabu, kwenye glasi imeiva, kwenye birika ni nyeusi. Ni chai moja. Mfano huo wa chai ni wa Albers mwenyewe, sikuutunga mimi, ingawa ungedhani alipita kwenye magenge yetu.

Mwaka 1963 mazoezi haya yote yalitoka kama kitabu kikubwa cha chapa ya Yale, chenye michoro 150 iliyochapwa kwa skrini ya hariri, na nyingi kati yake zilitokana na kazi za wanafunzi wake. Msimamo wake humo ni mmoja, kwamba vitendo vitangulie nadharia.

Mstari nitaupitia upesi, lakini siwezi kuuruka. Kwenye somo la kuchora, Albers aliwasimamisha wanafunzi wachore hewani kwanza, mkono mzima, kuanzia begani, mpaka mwili ujue mstari unakokwenda. Ndipo penseli ikagusa karatasi. Aliwafanya waandike kwa mkono wa kushoto, waandike herufi kinyumenyume kama zinavyoonekana kwenye kioo, ili mkono usiende kwa mazoea. Alitaka mstari mmoja wenye uhakika, si mistari kumi ya kupapasa. Sisi tuna wanafunzi ambao ufutio wao unaisha kabla ya penseli. Wapokonyeni ufutio kwa wiki moja muone.

Yeye mwenyewe, katika chapa zake za litografia za mwaka 1942, alichora kwa mistari iliyonyooka tu. Hakuna kivuli wala mkunjo, kila kitu kimepigwa rula. Ukiiangalia picha unaona kama boksi linakujia. Ukiendelea kuangalia, boksi hilo hilo linaingia ndani ya karatasi. Wino haujasogea. Na alikuwa na hesabu yake ambayo ingemkasirisha mwalimu wa hisabati: moja jumlisha moja ni tatu. Chukua vipande viwili vya kadibodi vyenye upana sawa, vilaze sambamba, uache nafasi katikati inayolingana na upana wa kimoja. Umeweka viwili, lakini unaona vitatu. Nafasi tupu imekuwa kitu.

Hapo ndipo nakshi inapozaliwa. Mtoto akichora ua moja, kisha jingine, kisha jingine, anaamini amechora maua. Kumbe amechora pia vile vilivyobaki katikati, na mara nyingi hivyo vilivyobaki ndivyo vinavyoharibu au kuokoa kazi. Mafundi wa milango ya Zanzibar na Lamu wanalijua hili, kwani kwao nakshi hutokea kwa kile patasi ilichokitoa.

Kwa Albers nakshi ilikuwa jambo la nyumbani. Anni alikuwa mfumaji hodari, na mwaka 1949 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilifungua maonyesho ya kazi zake, mara ya kwanza kwa jumba hilo kumpa mfumaji maonyesho yake peke yake. Wote wawili walisafiri Meksiko mara nyingi tangu miaka ya 1930, wakasimama mbele ya kuta za Mitla, ambako mafundi wa kale walipanga vipande vya mawe bila chokaa mpaka ukuta mzima ukawa nakshi ya ngazi na mizunguko. Kutokana na safari hizo, mwaka 1947 Josef alianza mfululizo wa picha za nyumba za udongo. Umbo ni lile lile, ukuta wenye vijiraba viwili kama milango au madirisha. Kinachobadilika ni rangi. Katika picha moja milango inasogea mbele, katika nyingine inazama, na rula inasema haijatoka mahali pake.

Ndugu zangu, ni nani hapa anahitaji kwenda Meksiko kuliona hilo? Nendeni Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, kwenye maduka ya kanga. Muulize muuzaji doti moja, halafu mwambie akuonyeshe rangi zake zote. Atakutolea mji ule ule, pindo lile lile, jina lile lile, na korosho zile zile, moja kwa nyekundu na nyeusi, moja kwa zambarau na machungwa, moja kwa kijani. Zitandaze mezani. Kwenye moja korosho zinaonekana kubwa, kwenye nyingine zimenywea. Kwenye moja pindo linaubana mji, kwenye nyingine mji unafurika. Msanii wa kanga hakugusa kipimo hata kimoja. Wanawake wanaochagua kanga dukani wanafanya mtihani huu wa rangi kila siku, tena kwa ukali, na mara nyingi binti yao yupo pembeni anaangalia. Huyo binti akija darasani kwetu tunamwambia achore duara la rangi.

Nimtaje mwanafunzi mmoja wa Black Mountain, Ruth Asawa. Alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Japani, na wakati wa Vita Kuu ya Pili familia yake, kama nyingine nyingi za asili hiyo, ilifungiwa kambini na serikali ya nchi yao wenyewe. Alifika chuoni mwaka 1946. Wanafunzi walikuwa na zamu za kazi, na yeye akapangiwa dobi. Huko kulikuwa na muhuri wa mpira wa kupigia alama kwenye mashuka, herufi tatu za jina la chuo. Asawa akauchukua, akaugonga kwenye karatasi safu baada ya safu, akiugeuza na kuukutanisha, mpaka herufi zikapotea na ikabaki nakshi inayotiririka. Hakuna shule hapa isiyo na muhuri. Na kama mkuu wa shule hataki uguswe, na ninamwelewa, kuna soli za ndala zilizokatika na kuna viazi. Asawa baadaye alijifunza Meksiko namna ya kusuka waya, akatumia maisha yake kusuka maumbo ya waya yanayoning'inia, ambayo ni mstari mmoja unaozunguka hewani. Mwaka 1968 alisaidia kuanzisha karakana ya sanaa katika shule ya msingi huko San Francisco. Aliyefundishwa kwa vitu vya kuokota akaenda kufundisha hivyo hivyo.

Mwaka 1950, akiwa amefikisha miaka 62, Albers alianza kazi aliyoifanya hadi alipofariki mwaka 1976. Ni miraba tu. Mraba ndani ya mraba, mitatu au minne, imeshuka kidogo kuelekea chini: ukihesabu ukingo wa chini kuwa moja, wa pembeni ni mbili, wa juu ni tatu. Alipaka picha hizo kwa mamia na mamia. Alipaka kwenye hadibodi, upande wa nyuma wenye mikwaruzo, baada ya kuupaka nyeupe tabaka kadhaa. Rangi ilitoka kwenye tyubu bila kuchanganywa, ikatandazwa kwa kisu, na nyuma ya ubao akaandika kila rangi, jina lake na kampuni iliyoitengeneza, kama fundi anayeandika vipimo vya mteja. Alianzia katikati akaenda nje. Alipoulizwa kwa nini, alisema ndivyo baba yake alivyomfundisha kupaka mlango: ukianzia katikati unadaka matone yanayochuruzika, na mikono ya shati haichafuki.

Napenda kwamba hadibodi hiyo hiyo ndiyo Edward Saidi Tingatinga aliipakia wanyama wake hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya mafuta ya dukani, huku akiwafundisha vijana wa ukoo wake kwa kuwakalisha karibu naye. Wawili hao hawakuwahi kukutana, na kazi zao hazifanani hata kidogo. Lakini wote walichukua ubao wa fundi ujenzi na rangi jinsi ilivyotoka kiwandani, wakaweka mawazo yao yote kwenye swali la rangi ipi ikae karibu na ipi.

Sikubaliani na Albers katika kila jambo. Aliona kwamba kujieleza si kazi ya mwanafunzi, kwamba darasa ni la kuchunguza, ya moyoni yatakuja yenyewe. Kwa kidato cha kwanza na kuendelea nakubali, tena kwa mikono miwili. Kwa darasa la kwanza na la pili, hapana. Mtoto wa miaka saba akitaka kumchora bibi yake na kuku na basi la Mbagala katika karatasi moja, mwacheni amalize. Vipande vya kijivu vitamsubiri. Tena alikuwa mwalimu mkali mno, na wapo waliomkimbia. Hata hivyo Robert Rauschenberg, ambaye kazi zake ni kinyume kabisa cha ile miraba, alisema Albers ndiye mwalimu muhimu kuliko wote aliowahi kuwa nao. Mwalimu akizaa wanafunzi wasiofanana naye, kuna kitu alikifundisha zaidi ya mtindo wake.

Sasa ya kwetu. Kila darasa lianzishe sanduku la vipande. Mafundi cherehani wanatupa mabaki ya vitambaa kila jioni, waombeni. Viwanda vya uchapaji vina kingo za karatasi wanazozichoma. Kalenda za mwaka jana, maboksi ya sabuni, majarida. Wanafunzi wakate, wapange kuanzia giza hadi mwanga, na huko kupanga tu ni somo la wiki mbili. Gundi ya unga wa muhogo inatosha. Msitoe alama kwa usafi wa kubandika peke yake. Mwulizeni mtoto ameona nini, na akiweza kuwaonyesha wenzake nao wakakiona, mpeni alama zake zote.

Kwa wakuu wa shule mliofika, nina ombi moja tu, na halina gharama. Somo la sanaa lipewe vipindi viwili mfululizo. Dakika arobaini zinatosha kugawa vipande na kuvikusanya tu, na jicho linahitaji muda wa kuchoka na kupumzika na kuangalia tena. Mkitupa hizo dakika themanini, habari ya rangi za kununua tutaizungumza muhula ujao.

Ahsanteni. Naona mwalimu wa safu ya tatu ameinua mkono tangu pale kwenye chai. Karibu, mwalimu.